Picha Kavu ya Xavier

Soumaya aliliandika tangazo akiwa amesimama mlangoni, simu mkono mmoja na mwiko mkono wa pili, na kama kawaida yake alitia chumvi. "Kamera ya zamani, ya macho mawili, nzima kabisa, haijafunguliwa tangu 1996. Buyenzi, uliza kwa Mzee Taju mpiga picha." Akabandika picha mbili, moja ya kamera peke yake na nyingine ya baba yake ameishika kifuani, akalirusha tangazo katika makundi yote ya WhatsApp aliyomo, hata lile la akina mama wanaochanga vyombo vya arusi, ambako hakuna aliyeuliza habari za kamera.

"Nani alikutuma uandike haijafunguliwa?" aliuliza Tajudini aliposomewa.

"Si weye, Papa? Ulisema tangu ile mwaka hujaigusa."

"Kugusa ni kitu kingine, kufungua ni kitu kingine."

"Ah, watu wanapenda vitu ambavyo havijaguswa. Acha nikuuzie."

Tajudini akamwacha auze. Tusidanganyane: hakuwa anauza kwa njaa. Soumaya alikitaka chumba cha mbele auzie mitandio, hiyo ni kweli, na kamera ilikuwa ndogo tu, ingeweza kukaa popote. Lakini mzee alikuwa ametimiza miaka sitini na minane, moyo umeanza kumpiga ovyo akipanda ngazi za msikiti, na jambo moja lilimnyima raha kuliko moyo wenyewe. Hakutaka kufia katika nyumba moja na kile chombo.

Tajudini ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, wa kuzaliwa na kukulia. Baba yake alitengeneza baiskeli, kaka zake wote wakaingia kwenye magari, na mtaa mzima ulitarajia naye achafuke mafuta kama wenzake. Yeye akakataa. Alikuwa kijana wa maringo, anayependa shati jeupe. Akaenda kujibanza kwa Mzee Ilias, mpiga picha, akafagia studio miaka miwili kabla hajaruhusiwa kushika chochote. Kamera ya macho mawili Ilias aliuziwa na Mgiriki mmoja aliyefunga duka lake mjini akarudi kwao. Ni kisanduku cheusi chenye vioo viwili mbele, kimoja juu ya kingine. Mpiga picha haiweki jichoni. Anaishika kifuani, anafungua kifuniko cha juu, anainamisha kichwa na kumtazama mteja ndani ya kioo kilicholala kama maji kwenye sahani. Ilias alisema ndiyo sababu watu hutulia mbele yake, kwa kuwa hakuna anayewakodolea macho.

Ilias alipofariki, studio ikawa ya Tajudini, na kwa miaka kumi na kitu hakuna aliyeoa Buyenzi bila yeye. Watoto wa arobaini, mahujaji, wazee wa kitambulisho, mabibi arusi waliokuwa wakilia na waliokuwa wakijifanya kulia, wote walipita mbele ya ukuta wake wa bluu na kiti chake cha mbao. Alijua kazi, na alijijua kwamba anajua. Wateja wakimsalimia kwa Kiswahili, aliwajibu kwa Kifaransa. Alikuwa akichosha, lakini picha zake zilikuwa nzuri.

Sasa, wapiga picha wa zamani wana jambo wanalolijua wote na hakuna atakayelikiri mbele ya watu. Linaitwa kupiga kavu. Filamu imeisha, au zimebaki picha mbili na bibi arusi hajatoka, na hapo shangazi wa tatu amekuja na watoto wake saba wanataka picha. Utamwambia nini? Unawapanga, unawaambia wacheke, unawasha flashi, kisanduku kinalia "tak", wanaondoka wamefurahi. Ndani hamna kitu. Wakija kuuliza, unawaambia picha iliungua, rudini niwapige upya bila malipo. Wanalalamika kidogo, wanacheka, wanakaa tena. Tajudini alipiga kavu mara nyingi kuliko alizoweza kukumbuka, na hakuwahi kukosa usingizi. Hata Ilias alipiga kavu, na Ilias alikuwa mtu wa sala tano.

Mwaka wa 1996 nchi ilikuwa pabaya na majirani wakafunga mipaka. Sukari ikapotea, petroli ikapotea, na filamu ndiyo kabisa. Moja moja zilikuwa zikipenya Gatumba, mpakani mwa Kongo, ndani ya magunia ya samaki, na anayezivusha alitaka pesa kwanza. Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, alasiri, jua limeingia dirishani na kupiga ukuta wa bluu, akaingia kijana mmoja mgeni pale mtaani, amevaa koti la kahawia, mikono ya koti imempita vidole. Akasema anaitwa Xavier. Alikuwa ameoa miezi minne kabla, mke ana zile za arusi tu, hana picha yake ya kupeleka kwa wazazi, na siku ile amepata koti la kuazima.

Kamera ilikuwa tupu. Tajudini alijua ni tupu. Lakini avansi atakayotanguliza kijana yule, pamoja na akiba yake ndogo, ingetosha kuagiza filamu moja Gatumba Jumatatu. Akahesabu haraka kichwani: filamu ifike Jumanne, kijana arudi Jumatano, aambiwe iliungua, akae tena. Hakuna atakayeumia. Akamsimamisha kando ya kiti, akamkunjia mikono ya koti kwa ndani, akainamisha kichwa. Xavier akacheka. Hakutabasamu kama watu wa picha, alicheka hasa, meno yote nje, kwa sababu alimwona mpiga picha anaongea na tumbo lake mwenyewe. "Tak." Akaandikiwa kipande cha karatasi ngumu chenye namba, akaondoka.

Jumanne asubuhi Xavier alipanda gari la abiria kwenda kazini. Gari lilisimamishwa njiani. Wengine walirudi, yeye hakurudi, na hakuna aliyeonyeshwa alikolala.

Siku chache baadaye mkewe alikuja na kile kipande cha karatasi. Tajudini alikuwa na filamu tayari mezani, mpya. Akafungua kinywa aseme, akajikuta anasema picha bado haijasafishwa. Mara ya pili akasema dawa ya kusafishia imeisha. Mara ya tatu alimwona mbali, anavuka barabara na tumbo lake limeanza kuonekana, akafunga mlango kwa ndani na kukaa chini ya meza, mwanamume mzima na shati lake jeupe. Mwanamke alibisha hodi muda mrefu. Hakurudi tena.

Kabla mwaka haujaisha Tajudini akahamia kwenye kamera ya pili, ndogo, ya Kijapani, kwa kuwa ile ya macho mawili ilianza kumtia hofu. Kila alipofungua kifuniko na kuinama, kwenye kioo alikuwepo mtu. Mkono juu ya kiti, koti la kahawia, anacheka. Akiinua uso kuna bibi arusi au mtoto wa arobaini, akiinama kuna Xavier. Hakumwambia mtu. Asiya, mkewe, Mungu amrehemu, aliambiwa kioo kimeingia ukungu. Kisanduku kikafungwa ndani ya kitambaa na kuwekwa juu ya kabati, kikakaa huko miaka ishirini na tisa, huku simu zikija na kuiua studio taratibu. Kiti kiligawiwa. Ukuta ukapakwa rangi ya krimu.

Na alasiri, jua likiingia dirishani, alikuwa bado anasikia ile "tak" kutoka juu ya kabati. Alikuwa akiogopa, na aliona haya kuogopa.

Wa kwanza kuja kwa tangazo alikuwa mwenye baa wa mtaa wa Rohero, anataka pambo la kuweka kwenye rafu ya chupa. Tajudini akamwambia kamera iliyowapiga masheikh haiwezi kukaa na pombe, akamtoa kwa heshima. Wa pili alikuwa binti wa chuo, Christa, miwani mikubwa, anapiga picha za filamu na anajua anachokisema. Aliishika vizuri, kwa mikono miwili.

"Mzee, iko na film ndani? Nisije nikafungua nikaiunguza."

"Haina."

"Uko sûr? Kwenye annonce wameandika haijafunguliwa..."

"Binti yangu, niko sûr kuliko kitu chochote."

Christa akafungua kifuniko, akainama, akazungusha kidude cha kusogeza taswira. Akatulia. Akainua uso akatazama ukuta, ukuta mtupu wa krimu, kisha akainama tena.

"Kuna mutu amepita pale nyuma?"

"Mutu gani?"

"Apana, labda ni vumbi ya kioo." Akacheka, lakini kifuniko alikifunga upesi. Wakakubaliana bei. Atakuja kuichukua Jumamosi.

Tajudini alibaki amekaa kitandani. Kwa miaka yote alikuwa akijiambia ni akili yake tu. Sasa akajiuliza kama ni haki kumpa mtoto wa watu mzigo ule, na akajijibu kwamba Jumamosi iko karibu na yeye amechoka.

Ijumaa, alipotoka msikitini baada ya sala, alimkuta mwanamke ameketi kwenye benchi la chumba cha mbele, mkoba umebanwa magotini. Mama wa miaka hamsini na kitu, viatu vina vumbi la kutembea mbali. Soumaya alikuwa amemletea maji.

"Papa, mama ametoka Mutakura. Anataka kamera. Anasema ataongeza juu ya bei ya yule binti."

"Nimeona kwenye simu ya mutoto yangu, Joëlla," alisema mwanamke. "Nimeona kamera, nikakuona na weye, Mzee. Nikakujua. We hunijui?"

Alifungua mkoba. Ndani ya kitambaa, ndani ya nailoni, kulikuwa na kipande cha karatasi ngumu kilichogeuka rangi ya chai, na mwandiko juu yake ulikuwa wa Tajudini, ule wa kujidai, wenye mikia. Mzee akashika ukingo wa mlango.

"Naitwa Adélaïde. Bwana yangu alikuwa anaitwa Xavier. Alikuja hapa kwako Jumamosi, Jumanne akaenda." Alisema bila kulia, kama mtu aliyelisema neno hilo katika ofisi nyingi. "Mi nilikuja mara tatu. Ya tatu ulikuwa umefunga. Halafu tukakimbia. Nyumba iliungua, picha za arusi ziliungua. Ilibaki hii tu. Sasa naona wameandika kamera haijafunguliwa tangu ile mwaka. Donc film iko ndani. Si ndiyo, Mzee? Iko ndani, haijasafishwa, ulivyoniambia."

Tajudini akavuta stuli, akaketi.

"Joëlla ameuliza watu. Wamesema hata film ya zamani hivyo, kuna mutu Kigali anaweza kuitoa kitu. Kidogo tu. Hata kivuli." Akaweka bahasha mezani. "Nimeuza cherehani. Kama haitoshi, sema."

Soumaya alimtazama baba yake kwa macho ya kumhimiza. Na hapa inabidi isemwe wazi, maana Tajudini mwenyewe hatakataa: alitamani kuuza. Njia ilikuwa imefunguka mbele yake. Mwanamke angeondoka na kisanduku, fundi wa Kigali angemwambia filamu ilikufa kwa joto na miaka, au kwamba hakuiona, na nani angemlaumu mpiga picha mzee? Hata cherehani angeweza kumrudishia nusu, aonekane mtu wa huruma. Kamera ingetoka. Xavier angetoka. Alichohitaji ni kunyamaza, na kunyamaza alikuwa na uzoefu nako.

"Kwa nini unaitafuta sasa, Mama?" aliuliza.

Adélaïde akatazama mikono yake. "Nimesahau sura yake. Sikuambia mutu. Mutoto wake hakumwona, ananiuliza, Mama, alikuwa aje? Zamani nilikuwa namwambia. Siku hizi nafunga macho, napata sauti, napata namna alikuwa anatembea, lakini hapa," akajipitishia kiganja usoni, "hapa hamna kitu. Ninaogopa kufa hivyo. Nikifika huko, nitamujua aje?"

Tajudini akainuka, akaichukua kamera kwenye kitambaa chake na kuiweka mezani. Akaweka kidole gumba kwenye kibano cha mgongoni.

"Usifungue!" Adélaïde aliruka, bahasha ikaanguka. "Mwangaza! Mzee, utaiunguza, usifungue!" Akavua kitenge chake begani na kukitupa juu ya kamera na juu ya mikono ya mzee, akalala juu yake kwa kifua chake chote kuzuia jua la dirishani, anahema. "Soumaya, funga dirisha! Funga, mwanangu!"

Soumaya alifunga dirisha, amechanganyikiwa. Chini ya kitenge mikono ya Tajudini ilikuwa imebanwa na uzito wa yule mama, na machozi yalikuwa yakimtoka, akayaacha.

"Mama," alisema. "Ondoka. Hamna kitu cha kuungua."

"Unasema nini?"

"Haikuwa na film. Ile siku. Nilijua haina. Nilimupiga kavu."

Akaeleza. Hakupamba. Alisema habari ya Gatumba na avansi, alisema alivyokuwa amepanga kumwambia iliungua, alisema alivyokaa chini ya meza mama yule akibisha hodi. Soumaya aliziba mdomo kwa mtandio. Adélaïde alijiinua polepole. Akakitoa kitenge mwenyewe, akafungua mgongo wa kamera, akaingiza kidole ndani ya kile chumba kidogo cheusi na kukizungusha kote, kona kwa kona. Kidole kilitoka na vumbi.

"Alijua?" aliuliza hatimaye.

"Apana. Alienda na furaha yake."

"Mi nimebeba ile karatasi miaka ishirini na tisa." Sauti ilipanda. "Kambini nilikuwa naiweka ndani ya nguo ya ndani isinyeshewe! Na we uko hapa, unakula, unasali!"

Tajudini aliinamisha kichwa.

Nje pikipiki ilikuwa ikijaribiwa injini. Adélaïde akaketi tena kwenye benchi kwa kishindo.

"We ulimwona," alisema. "Uliinama ukamwangalia."

"Nilimwangalia. Naona mpaka leo. Kila siku."

"Sema."

Mzee akafunga macho. Hakuhitaji kutafuta. "Koti ya kahawia, ndefu kumupita. Nilimukunjia mikono. Alisimama hapa, mkono juu ya kiti. Shingo ndefu. Sikio moja lilitoka nje kidogo. Alikuwa anacheka, jino la mbele limelalia mwenzake. Na kovu ndogo imekata nyusi ya kushoto, hapa..."

"Ya kuume."

"Kushoto, Mama. Naiona."

"Apana! Kuume!" Adélaïde alikuwa amesimama. "Alianguka muembe akiwa mutoto, iko kuume, mi nilikuwa nalala upande ule, naigusa..."

Akakoma. Tajudini alifumbua macho, na ufundi wake wa zamani ukamsuta. Kioo cha kamera ile hugeuza, kulia kukawa kushoto, kila mwanafunzi wa Ilias aliambiwa siku ya kwanza. Miaka yote alikuwa na Xavier wa kwenye kioo. Huyu mama alikuwa na yule mwingine.

"Ni kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Kioo inageuza. Ni kuume."

Lakini Adélaïde hakuwa akimsikiliza. Mkono wake ulikuwa umenyanyuka hewani, kimo cha mtu mrefu kumzidi, na kidole kilikuwa kikipita polepole kwenye nyusi ambayo haikuwepo, kikashuka shavuni, kikafika kwenye meno. Soumaya akageuka ukutani akalia.

Alichukua muda mrefu kuushusha mkono. Akaokota bahasha, akakunja kitenge, akarudisha kipande cha karatasi ndani ya nailoni yake.

"Mama, unisamehe," alisema Tajudini. "Kamera chukua, bure."

"Nifanye nayo nini? Uza. Yenyewe haina kosa." Akamtazama sawasawa kwa mara ya kwanza. "Kusamehe, apana. Nisikudanganye. Ijumaa nakuja na Joëlla. Utamwambia baba yake, yote, polepole, na mi nitakurudisha pale umegeuza. Na Ijumaa ingine hivyo."

"Inshallah."

"Usiniambie inshallah, Mzee," alisema Adélaïde, amekwishafika mlangoni. "We usikufe tu."